Miguu Mitatu ya Watasema

Mbwa wetu anaitwa Watasema. Jina alipewa na baba, na kama unajua jinsi watu wa huku wanavyochagua majina ya mbwa, maneno ya kanga na maandishi ya nyuma ya daladala, basi umeshaelewa kwamba jina lile halikuwa la mbwa. Lilikuwa la majirani. Baba alikuwa amestaafu ualimu, akaanza kufuga nyuki nyuma ya nyumba, mtaa ukanuna. Siku aliyoleta kitoto cha mbwa ndani ya boksi la sabuni, alisimama kibarazani akaita kwa sauti ya mwalimu wa zamu: "Watasemaaa!" Mtaa ukasikia.

Baba alifariki mbwa akiwa hajatimiza mwaka. Nyuki wakahama wenyewe. Mbwa akabaki.

Mwaka jana, wakati wa masika, bodaboda isiyo na taa ilimgonga Watasema jioni mbele ya geti letu, hapa Kihonda, Morogoro. Kijana alisimama, akatazama, akasema, "Pole, dada," akaondoka. Mguu wa nyuma wa kulia ulikuwa umegeuka upande ambao mguu haugeuki. Watasema hakulia. Alikuwa anatetemeka tu, ananiangalia kama mtu aliyekosea na anasubiri kugombezwa.

Morogoro tuna bahati moja: ni mji wa Chuo Kikuu cha Sokoine, na hapo ndipo wanaposomea madaktari wa mifugo. Kumpata daktari wa mnyama si kazi kubwa kama ilivyo kwingine. Kazi kubwa ilikuwa nyumbani.

"Mwanangu," mama aliniambia, "huyo mbwa muache apumzike. Kuna sindano."

Jirani yetu, ambaye kwa imani yake mbwa hamgusi lakini mabaki ya wali anamletea kila Ijumaa, aliuliza kilichokuwa moyoni mwa kila mtu: "Hivi hiyo hela yote kwa ajili ya mbwa?" Sikuwa na jibu. Ilikuwa hela ya mabati ya jikoni. Jiko letu linavuja mpaka leo.

Daktari alimbana vidole vya ule mguu kwa koleo dogo. Watasema hakushtuka. Akabana zaidi. Kimya. Akanieleza kwamba mfupa umesagika na mishipa ya fahamu imekatika. Mguu ukiachwa utaoza, na ukioza utaondoka naye. Akasema mbwa hubeba karibu asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele, kwa hiyo ukiondoka mmoja wa nyuma, ile mizigo mikubwa bado ina wabebaji. Wataukata juu, kwenye paja, kwa sababu wakibakiza kigutu kirefu atakuwa anakiburuza na kukichubua kila siku. Alikuwa bado anaeleza nilipovuta fomu nikasaini.

Mkono wangu ulinishangaza. Mara ya mwisho kusaini karatasi ya namna ile, nilisaini kinyume.

Baba alikuwa na kisukari. Kiatu kilimchubua kidole na hakusikia, kwa sababu sukari ikikaa juu miaka mingi huua hisia za miguu, na ile mishipa ya damu ikibana kidonda hakipati cha kukiponya. Alipovua soksi kutuonyesha, kidole kilikuwa cheusi. Hospitali wakasema mguu ukatwe chini ya goti, na haraka. Baba akakataa. "Nimekuja duniani na miguu miwili," alisema, "mtanizika na miguu miwili." Wakaleta fomu ya kukataa. Akasaini yeye, nikasaini mimi kama shahidi. Tuliambiana kwamba tumeheshimu uamuzi wake. Alimaliza siku 19.

Sasa nisieleweke vibaya. Simlinganishi baba na mbwa. Nasema tu kwamba mtu aliyeshika kalamu ni yule yule, na mara hii hakuuliza mtu.

Watasema alirudi nyumbani kesho yake, bado ana mning'inio wa nusukaputi, amenyolewa nyonga nzima, mshono mrefu kama zipu, ngozi imevilia damu rangi ya zambarau. Shingoni alikuwa na ile kola ya plastiki kama faneli, ili asilambe nyuzi. Mbwa wa uswahilini analala nje, hiyo inajulikana. Lakini nje kulikuwa na matope, na kidonda hakitaki matope. Nilimlaza chumbani kwa baba. Mama aliona, akapita, hakusema neno.

Usiku wa kwanza nililala kwenye mkeka pembeni yake. Alilia usiku kucha, kilio chembamba cha kupitia puani. Daktari alikuwa amenitahadharisha: sehemu ya kilio kile ni dawa ya usingizi inayomtoka, hajui yuko wapi. Kujua hivyo hakukunisaidia sana saa nane ya usiku. Asubuhi jirani akaniletea diklofenaki kwa nia njema kabisa. Ilibidi nimweleze kwamba dawa nyingi za maumivu tunazomeza sisi zinaweza kumchana mbwa tumbo na kumuua figo. Dawa zake nilipewa, na saa zake ziliandikwa kwenye kikaratasi nilichobandika mlangoni.

Kile kikaratasi ndicho nataka kukizungumzia, maana kilikuwa na mambo mengi kuliko dawa. Daktari alikuwa ameniandikia siku kwa siku. Siku ya kwanza anaweza kukataa kula, usimlazimishe, mpe mchuzi wa kuku usio na chumvi wala kitunguu. Siku ya pili au ya tatu atataka kusimama, muache. Tandika mikeka, sakafu isiteleze. Pitisha kitambaa chini ya tumbo umwinue nyuma anapokwenda haja. Ukiona kidonda kinatoa usaha au kinanuka, mlete. Nyuzi siku ya 12. Baada ya hapo asinenepe, kwa sababu kilo anazoongeza zinabebwa na viungo vitatu.

Kitambaa kilikuwa kanga ya mama. Sikuomba. Siku ya pili nilimkuta amesimama mlangoni ameishika. "Hiyo taulo yako nyembamba itamkata tumbo," akasema. Tukapitisha kanga, mimi kushoto yeye kulia, tukamtoa mpaka chini ya mwembe. Watasema akajaribu kuinua mguu kama dume lolote. Akainua wa kushoto, kwa mazoea. Akabaki ananing'inia kwenye kanga ya mama yangu kama mtoto mgongoni. Tulicheka hadi tukakaribia kumwangusha.

Siku ya tatu nilifanya kosa. Nilimkuta anajaribu kusimama, anateleza kwenye niru ambapo mkeka ulikuwa umeishia, nikakimbia nikambeba. Nikambeba tena mchana. Jioni nikampelekea chakula mdomoni. Siku ya tano alikuwa bado hajasimama mwenyewe, nikampigia daktari simu nikiwa karibu kulia, kwamba hii operesheni imeshindikana. Akaniuliza, "Wewe unamwacha muda gani kabla hujamshika?" Nikanyamaza. "Basi kesho kaa mbali na bakuli la chakula. Umwite."

Nilikaa upande wa pili wa chumba na bakuli la ugali na dagaa. Nikaita. Alijaribu mara nne. Mara ya nne akagundua kwamba akitangulia kujivuta kwa miguu ya mbele, nyuma inafuata. Akaja, mguu mmoja wa nyuma ukiwa umesogea katikati chini ya mwili, kama kiti cha mafundi viatu. Nadhani hakujua kuna mtu anashangilia. Alikuwa anataka dagaa.

Usiku ule mama alinisaidia kumtoa nje. Tulikuwa tumeshika kanga kila mtu upande wake, tunasubiri amalize. Mama akasema, bila kuniangalia:

"Baba yako hakuogopa kisu."

Nikangoja.

"Aliogopa hivi." Akatikisa ncha ya kanga. "Aliniambia usiku ule ule. Sitaki mtoto wangu anishike choo. Ile ya kuzikwa na miguu miwili aliisema kwa ajili yenu, ili msibishane naye."

Miaka yote ile nilikuwa naeleza watu kwamba baba alikufa kwa msimamo. Nilishawahi hata kuandika hivyo. Kumbe alikufa kwa aibu, na aibu yenyewe ilikuwa ya jambo ambalo lingedumu, nani ajuaye, wiki mbili? Tatu? Ningemshika. Tungenuniana, tungecheka, angenifundisha namna ya kumshika kama alivyofundisha kila kitu, kwa makelele. Halafu angeshika magongo.

Nilimuuliza mama kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ungefanyaje? Ungemlazimisha?" Hilo nalo sina jibu lake.

Lakini nilirudi chumbani nikasimama mbele ya kile kikaratasi mlangoni. Hakuna aliyempa baba kikaratasi kama kile. Silaumu hospitali, na sisi hatukuuliza. Tulizungumza habari ya kukata, asubuhi mpaka jioni, kukata na kutokata. Hakuna aliyezungumza habari ya siku ya tatu. Mtu akiambiwa "tutakukata mguu" na mazungumzo yakaishia hapo, anabaki na picha moja tu kichwani, na picha hiyo ni ya panga. Mbwa wangu alipata ratiba ya maisha baada ya panga. Mwalimu wa miaka 34 hakupata.

Wasomaji wenzangu mnanijua, nikiumia nakimbilia kusoma. Nilichokutana nacho safari hii ni hadithi ya zamani ya Kimarekani, "The Case of George Dedlow", iliyotoka katika jarida la The Atlantic Monthly mwaka 1866 bila jina la mwandishi. Msimulizi ni mwanajeshi aliyepoteza mikono na miguu yote vitani, naye anaendelea kuvihisi viungo ambavyo havipo. Wasomaji waliamini ni habari ya kweli, wengine wakamchangia pesa. Mwandishi alikuwa daktari, Silas Weir Mitchell wa Philadelphia, aliyetibu majeruhi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1871 ndiye aliyeandika juu ya hali hiyo akiiita viungo mzimu. Nilijiuliza kwa nini alianza kuisema kwa hadithi kabla ya kuisema kitabibu. Labda kwa sababu hadithi ndiyo inayolazimika kusema kesho yake kulitokea nini. Huwezi kumkata mtu miguu ukurasa wa pili halafu ukafunga kitabu.

Kuhusu mzimu wenyewe, nimeuona. Watasema akiwashwa sikio la kulia, nyonga ya kulia inaanza kucheza. Msuli unaruka, haraka haraka, kile kipande cha paja kinapiga hewa, na yeye amefumba macho, ameinamisha kichwa, anajikuna kwa mguu ambao tulishauacha hospitali. Anasubiri. Hakuna kinachofika. Mara ya kwanza nilitoka nje nisimwone.

Nyuzi zilitoka siku ya 12 kama ilivyoandikwa. Wiki ya sita alikuwa anakimbiza kuku. Sasa umepita mwaka. Anakimbia kuliko anavyotembea. Akitembea polepole anachechemea na kuchoka, akikimbia huoni kasoro mpaka asimame. Ukuta wa nyuma hauruki tena. Wakati wa baridi, upepo wa Uluguru ukishuka, asubuhi anaamka mkavu, inabidi nimsugue ule mguu mmoja kabla hajaushughulisha. Watoto wa mtaani wamembatiza jina jipya: Bajaji. Kwa sababu ya matairi matatu. Ni jina zuri, tukubaliane, lakini mama hataki kulisikia. Anatoka kibarazani na kuwarekebisha, "Anaitwa Watasema!" kwa sauti ambayo nilidhani ilizikwa.

Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Tulizoea kuitumia kuwatisha watoto wasicheke vilema. Baba mwenyewe aliiandika ubaoni mara nyingi. Siku hizi nikiisikia nasikia na upande wake mwingine, kwamba kama bado hujafa, basi bado unaumbwa, hata kama wameshakupunguza.

Watasema bado analala chumbani kwa baba. Mama anasema ni kwa muda tu, mpaka mvua zipite. Hajawahi kumgusa mbwa kwa mkono maisha yake yote, na bado hamgusi. Lakini ile nyonga ikianza kucheza, anavua kandambili, ananyoosha mguu wake wa kulia, na kumkuna sikio kwa kidole gumba.