Elevata Iliyoshuka Yenyewe



Sisi ni mafratera wanne ambao saa ya mapumziko ya Jumamosi hutukuta kwenye stoo ya zana, nyuma ya banda la nguruwe, tukigombania bisibisi moja. Tunatengeneza ndege ndogo ya kuongozwa kwa rimoti. Ni ya foamu, mbawa zake zina urefu wa mita moja na nusu hivi, ina mota moja ya umeme puani na sevo nne. Rimoti tulipewa na padre mmoja aliyerudi kutoka masomoni ng'ambo. Gombera alituruhusu kwa sharti kwamba isipite juu ya kanisa wala juu ya watu.

Wengi hudhani kazi ngumu ni kurusha. Kwetu sisi kazi ngumu ilikuwa kuiandaa rimoti. Inatumia EdgeTX, programu huria iliyotokana na OpenTX, na humo ndani mtu anaweza kuipa ndege moja hali kadhaa za kuruka. Tulitaka tatu, zote kwenye swichi moja yenye nafasi tatu: juu KUPAA, katikati KUELEA, chini KUTUA. Katika KUPAA mota inapata nguvu yote. Katika KUTUA mota inazimwa hata kijiti cha mafuta kikisukumwa (tunakiita hivyo ingawa mafuta hayamo), na eleroni zote mbili zinashuka pamoja kufanya kazi ya flapi, ili ndege ipunguze mwendo.

Programu huzihesabu hali hizo kuanzia 0. Hali namba 0 haina swichi yake. Ndiyo inayobaki pale nyingine zote zinapokuwa zimezimwa. Kwa nyingine, rimoti inaanzia namba 1 na kwenda mbele, na ya kwanza kukutwa swichi yake imewashwa ndiyo inayotawala. Basi KUELEA tukaifanya namba 0, KUPAA namba 1, KUTUA namba 2. Tukaweka na sekunde moja ya mpito, mambo yasibadilike kwa kishindo. Mwenzetu wa sauti ya nne kwaya akarekodi majina yote matatu, na rimoti ikawa inayatamka kwa besi kila swichi inapoguswa. Tulijiona mafundi kweli.

Sasa kuna kitu kinaitwa trimu. Ni vitufe vidogo pembeni mwa vijiti. Ndege ikiwa na tabia ya kuinamisha pua, huhitaji kuvuta kijiti muda wote. Unabonyeza trimu mara kadhaa, elevata inabaki imeinuka kidogo, ndege inanyooka. Programu inakuuliza: hali hii iwe na trimu zake yenyewe, iazime za hali nyingine, au iongeze zake juu ya hizo? Tulilijadili swali hilo kwa dakika kama mbili tu. Tukasema kila hali ijitegemee. Tulipenda neno lenyewe, nadhani.

Siku ya kuruka, kijiti alishika mdogo wetu wa mwaka wa kwanza wa falsafa, kwa sababu vidole vyake ni vyepesi kuliko vyetu. Ndege ilipaa vizuri. Katika KUELEA ilionekana inainamisha pua, naye akabonyeza trimu ya elevata mara saba au nane mpaka ikatulia. Ikazunguka uwanja wa mpira mara mbili. Wapishi walitoka jikoni kutazama. Kisha akaishusha karibu na usawa wa miembe, akageuza swichi, besi ikatamka "Kutua", na ndege ikainamisha pua na kuingia kwenye shamba la mahindi kama mtu aliyekumbuka kitu alichosahau huko.

Tulimkimbilia, lakini si kwa wema. Mmoja wetu alisema ameshtuka akasukuma kijiti. Mwingine akasema tulijua. Yeye alisema mara moja tu, "Kaka zangu, sikusukuma," kisha akanyamaza. Wakati wa chakula cha jioni utani ukasambaa hadi meza ya teolojia: wakamwita "Fratera Mahindi", nasi tukacheka pamoja nao. Kesho yake mezani akatuomba msamaha, nasi tukampa. Hapo ndipo panapotuuma mpaka leo. Tulimsamehe kwa jambo ambalo hakulitenda.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa tunabandika pua mpya. Propela tulikuwa tumeitoa, betri imeunganishwa, rimoti iko mezani. Mtu akaipitia kiwiko, swichi ikaenda chini, besi ikasema "Kutua", na mbele ya macho yetu elevata ikashuka polepole kwa sekunde moja nzima. Hapakuwa na mkono juu ya kijiti. Tukairudisha KUELEA, ikapanda. KUTUA, ikashuka. Ndipo tukafungua ukurasa wa hali za kuruka. Trimu yote aliyoibonyeza angani ilikuwa ya namba 0 peke yake. Ya namba 2 ilikuwa sifuri. Juu ya hilo, tulikuwa tumeiagiza elevata ishuke asilimia 8 flapi zinaposhuka, kwa kuwa ndege nyingi huinua pua zikipewa flapi. Namba hiyo tuliitoa kwenye ndege nyingine, yetu hatukuwa tumeijaribu. Makosa mawili, yote yakivuta pua chini, na yote ya mikono yetu.

Kurekebisha kulichukua dakika tano: KUTUA iazime trimu za namba 0, na ile asilimia irudi sifuri mpaka tuijaribu juu sana, mahali ambapo kosa lina nafasi ya kusahihishwa.

Kumwendea mwenzetu kulichukua hadi jioni. Kila mmoja alikuwa na sababu ya kungoja kidogo. Tulimkuta bustanini akimwagilia mchicha, tukamweleza yote, hata habari za zile dakika mbili. Aliendelea kumwagilia mpaka ndoo ikaisha. Akasema, "Basi mkaseme na kule mezani, kwa sauti ileile mliyochekea." Tukasema, kabla ya sala ya chakula, tumesimama, na hakuna aliyecheka.

Wiki mbili baadaye tulimletea rimoti uwanjani. Hakuipokea.

"Wekeni ndege chini kwanza," alisema, akachuchumaa nyuma ya mkia. "Haya, geuzeni swichi. Nataka niione elevata."

Tukageuza, zote tatu, mara tatu.