Jina lililokatwa mkiani

Wadau, leo sina habari ya siasa. Mwenye kiu ya siasa apite keshokutwa. Leo nina kesi yangu mwenyewe, na mshtakiwa ni mimi.

Wiki iliyopita nilikuwa natafuta cheti changu cha kidato cha sita kwenye boksi la zamani, nikakuta sidii imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: "de_kitaa FAINALI KABISA". Nilikaa chini pale pale sakafuni. Cheti mpaka sasa sijakiona.

Waliokuwa Dar mwaka 2006 hawajausahau mgao wa umeme. Sinza tulikuwa na kafe moja ya intaneti iliyokuwa na jenereta. Intaneti yenyewe ilikuwa ya setilaiti, inatambaa kama kobe (nyaya ya SEACOM ilifika mwaka 2009, jamani, vijana wa leo mnadeka). Kwa hiyo usiku mwenye kafe alikuwa anaachana nayo kabisa. Kompyuta 12 zinaunganishwa kwa waya, tunacheza Counter-Strike 1.6 mpaka adhana ya alfajiri. Nakala ya gemu ilitoka wapi, msiniulize.

Fundi wa kafe, ambaye sote tulimwita Fundi tu, alikuwa amechoka na Dust. Hiyo ni ramani aliyoitengeneza Dave Johnston mwaka 1999, yenye kuta za rangi ya mchanga, na dunia nzima imefia humo. Fundi akasema, "Kwa nini tufe kila siku kwenye mchanga wa watu?" Akachukua Hammer, programu ya kujengea ramani, akaanza kuujenga mtaa wetu: gereji, kibanda cha chipsi, uchochoro wa nyuma ambao kila mtu ameshawahi kukimbizwa. Jina likaanza na de_ kwa sababu mchezo wake ni wa kutega na kutegua bomu. Zile za kuokoa mateka huanza na cs_.

Msidhani ni kazi ya kuchora tu. Ukimaliza kuchora, programu nne zinapokezana kuigeuza kuwa ramani inayochezeka. Moja inaitwa VIS, inapiga hesabu ya nini kinaonekana ukiwa wapi. Nyingine ni RAD, inapiga hesabu ya mwanga. Kwa kompyuta ya wakati ule hiyo ni kazi ya usiku kucha, na jenereta ikizimika saa kumi unaanza upya. Ukiacha tundu kwenye ukuta, hata dogo kiasi gani, ramani "inavuja" na VIS inagoma. Fundi alitafuta tundu moja la gereji kwa siku tatu.

Mimi nilikuwa mwaka wa pili wa stashahada ya uandishi wa habari, najiona tayari ni mhariri mkuu. Fundi akaniambia, "Kaka, wewe ndiye mwandishi. Niandikie utangulizi."

Sasa, sehemu za kuweka utangulizi zilikuwa mbili. Ya kwanza ni faili la maandishi matupu lenye jina lile lile la ramani, linakaa kwenye folda ya maps, na linatokea mchezaji anapochagua timu. La Dust lina jina la ramani, jina la aliyeitengeneza, kazi ya askari na kazi ya magaidi. Ya pili ni motd.txt, ukurasa unaotokea mtu anapoingia tu kwenye seva. Huu unakubali HTML, yaani rangi, jedwali na picha.

Fundi alinishauri vizuri kabisa. "Motd ni ya seva, siyo ya ramani. Tukibadili ramani, maneno yako yatabaki pale yanazungumzia kibanda cha chipsi wakati watu wako jangwani." Mimi nikang'ang'ania motd. Nilitaka picha. Alikuwa amenipa kwenye flashi picha nzuri ya kibanda saa ya jioni, moshi unapanda, taa ya chemli. Nikaiweka kwenye kompyuta kubwa ya kafe ili ukurasa uivute kutoka pale. Juu nikaandika kichwa cha habari, chini yake jina langu kwa herufi nzito, halafu aya tano za mbwembwe. Mwisho kabisa: "Ramani hii imejengwa na" na jina lake kamili.

Kitu ambacho sikukijua ni kwamba motd ina kikomo cha baiti 1,536, na alama za HTML zinahesabiwa humo humo. Jedwali langu na rangi zangu zilikuwa zinakula chumba. Ukizidisha, seva haikwambii kitu. Inakata mkia na kuendelea na safari.

Jumamosi ya uzinduzi kafe ilijaa mpaka barazani. Ukurasa ukafunguka kwenye skrini 12 kwa pamoja. Picha ikatoka safi. Watu wakasoma mpaka chini, na chini paliandikwa "Ramani hii imejengwa na". Baada ya hapo, peupe.

Mmoja akapaza sauti, "Na nani?" Mwingine akajibu kwa jina langu, maana ndilo lililokuwa juu. Wakapiga makofi. Wengine walinipiga mabegani. Fundi alikuwa amesimama karibu na jenereta, ameshika dumu la mafuta.

Sikusema kitu. Nilicheka kidogo, ile ya mtu mnyenyekevu.

Na kinachoniuma zaidi ni hiki: somo la kwanza tulilofundishwa chuoni lilikuwa kwamba mhariri akikosa nafasi hukata kutoka mkiani, kwa hiyo jambo la muhimu liweke juu. Nilikuwa nimefaulu mtihani huo kwa alama A.

Jumatatu nilirekebisha faili. Lakini watu walishazoea kuiita "ramani ya mwandishi", na Fundi hakulitaja tena. Mwaka uliofuata alihamia Mwanza.

Juzi nimeandika lile faili la kwanza, de_kitaa.txt, mahali alipotaka tangu mwanzo. Mstari wa kwanza jina la ramani, mstari wa pili jina lake. Jina langu nimelitoa. Nikalitaja faili hilo kwenye orodha ya .res pia, ili seva imgawie kila anayeingia. Nikatafuta namba yake kwa watu watatu, nikamtumia vyote.

Alijibu baada ya siku mbili: "Asante kaka. Ila ile picha ya kibanda alipiga dada yangu."

Nimefungua faili tena. Nafasi ipo.