Nusu Senti Nne za Los Angeles

Bei iliyoandikwa kwenye kofia ilikuwa dola 20. Kaunta wakanidai 21 na senti 95. Nikamgeukia mpwa wangu, mwenyeji wangu mjini Los Angeles, naye akacheka. "Mjomba, huku bei ya kwenye rafu siyo ya kulipa. Kodi huongezwa mwishoni."

Ndizi na mkate tulivyochukua pamoja na kofia havikuguswa, maana California haitozi kodi ya mauzo kwenye vyakula vingi vya kupeleka nyumbani. Kofia peke yake ndiyo iliyobeba asilimia 9.75. Ndani yake, 7.25 ni kiwango cha chini cha jimbo zima, na nusu asilimia ni ya kusaidia watu wasio na makazi. Inayobaki, asilimia mbili kamili, ni ya usafiri: treni, mabasi na barabara za Kaunti ya Los Angeles. Kwa kofia yangu hizo ni senti 40, ingawa risiti haikuzitaja. Iliandika "kodi", basi.

Tukashuka kituo cha 7th Street, chini ya ardhi, kupanda treni ya kwenda Santa Monica; nikagonga kadi ya nauli getini na dola 1.75 ikakatwa. Nauli ya namna hiyo hulipia sehemu ndogo tu ya gharama za treni. Kiasi kikubwa cha pesa kinatoka madukani.

Niliingia nikitarajia mwendo. Karibu na kituo cha Pico treni ikaibuka juu, ikashika Mtaa wa Flower, halafu ikasimama. Hapakuwa na kituo. Ilikuwa inangoja taa nyekundu, imepangana na magari kama daladala! Reli imegharimu mabilioni, na gari dogo lenye mtu mmoja ndani linakatiza mbele yake. Mbele yangu mama mmoja mwenye sare ya usafi wa hoteli alikuwa amesinzia, mkoba kaukumbatia; jirani yake kijana alivaa suruali ya mistari ya wapishi. Nikawaza kwamba watu wa kipato kama chao hutumia karibu chote wanachopata, kwa hiyo kodi ya mauzo inawauma zaidi kuliko tajiri anayeweka akiba. Angalau hawa wanaipanda treni waliyoilipia.

Njia hii si mpya. Treni za umeme za kampuni ya Pacific Electric zilipita humuhumu zikibeba abiria hadi mwaka 1953, kabla mji haujajikabidhi kabisa kwa magari. Kurudisha reli kulihitaji kura, tena si moja. Zile asilimia mbili za usafiri ni nusu nne: ya kwanza ilipigiwa kura mwaka 1980, ikiitwa Proposition A. Ya pili ilikuja 1990, Proposition C. Ya tatu ni Measure R ya 2008, na ndiyo iliyochangia sehemu kubwa ya kufikisha reli hizi Santa Monica mwaka 2016. Mwaka huohuo ikapita ya nne, Measure M.

Hizi mbili za mwisho zilihitaji theluthi mbili ya kura. Mwaka 2012 wakubwa wa kaunti waliomba Measure R iongezewe miaka 30 zaidi. Wakapata asilimia 66.1, na ombi likaanguka kwa upungufu usiotimia hata asilimia moja. Sharti hilo naliona kali mno, kwa sababu theluthi moja inapewa nguvu ya kuwafunga wengine mikono. Hata hivyo nawaonea wivu. Kwetu Tanzania VAT imefichwa ndani ya bei na inakwenda Hazina, barabara zinangoja tozo ya mafuta, na awamu ya kwanza ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Sijawahi kuulizwa kama nataka basi au lami.

Baada ya Culver City reli inaisogelea barabara kuu ya 10. Magari yalikuwa yamesimama, taa za breki zimewaka mstari mzima. Sisi tulikuwa tunateleza.

"Ukinunua gari huku, kodi hiyohiyo unalipa," mpwa wangu akasema. "Gari la dola 30,000, basi 600 zinakwenda kwenye usafiri."

"Na wewe umenunua?"

"Nimenunua, mjomba. Leo ndiyo mara ya kwanza napanda treni yangu."

Nilimuuliza kodi hizi zinaisha lini. Measure R ina kikomo, mwaka 2039. Siku itakapokoma, Measure M itapanda kutoka nusu hadi asilimia moja, nayo haina tarehe ya mwisho. Mpaka wapiga kura wenyewe waifute.

Santa Monica tulishuka umbali wa kutembea kutoka gati la pwani. Pesa hizi haziishii kwenye treni: fungu la kila moja ya kodi hizi nne hurudishwa kwa miji ya kaunti, ambayo ni 88, na miji mingi hutumia sehemu ya pesa hizo kuziba mashimo na kuweka lami upya. Santa Monica ina hata mabasi yake yenyewe, ya buluu, nayo yanapata mgao. Tukapanda moja kwenda Venice kwa rafiki yake, na kadi ileile ikakubali.