Maktaba Niliyoifuta

Nilifuta maktaba ya shule. Haikuungua wala haikuliwa na mchwa. Niliifuta mwenyewe, mchana kweupe, kwa kubonyeza vitufe, nikiamini nawatendea wanafunzi wema. Sijawahi kulisema hili mbele za watu. Nalisema sasa kwa sababu naona walimu wenzangu wanaelekea kulekule nilikopita mimi.

Sekondari yetu ya kata ilipewa msaada wa kompyuta za mezani zilizokwisha kutumika. Zilikuja na Ubuntu, mfumo endeshi wa jamii ya Linux, na moja kati yake ilikuwa seva. Ndani ya seva hiyo mlikuwa na Wikipedia inayosomeka bila intaneti kwa programu ya Kiwix, video za masomo za Khan Academy zilizopangwa kwa programu ya KA Lite, na majaribio ya sayansi ya PhET yanayotengenezwa na Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani. Kompyuta zote zilivuta kutoka kwenye seva hiyo kwa waya. Halikuhitajika bando, haukuhitajika mnara wa simu, ulihitajika umeme tu.

Nilikuwa nikiwaona kidato cha pili wakiunda sakiti kwenye kioo. Wanaburuta betri, wanaweka balbu, wanaongeza betri ya pili, mwanga unazidi. Mmoja akiunganisha waya moja kwa moja kutoka ncha hii ya betri hadi ile, betri inashika moto kwenye picha na wenzake wanapiga kelele. Halafu wanabishana kwa nini imeungua. Ubishi ule ndio fizikia yenyewe, na sisi tulikuwa na ammita za kupokezana kati ya mikondo. Niliuona na sikuuthamini. Machoni pangu ulikuwa mchezo.

Mimi nilijifunza kompyuta kwenye chuo kidogo cha mjini: Word, Excel, PowerPoint, cheti. Hicho ndicho nilichokijua, na hicho ndicho nilichokiita kompyuta. Mbele ya Ubuntu nilikuwa mgeni. Mwanafunzi akiniuliza faili limehifadhiwa wapi, nilibabaika. Baadhi yao walikwisha kunipita, na jambo hilo liliniuma kuliko nilivyokubali wakati ule. Kwa mkuu wa shule nilitoa sababu nyingine: matangazo ya kazi yanataka watu wanaojua Microsoft Office, na wazazi wanauliza kwa nini kompyuta zetu hazifanani na za ofisini. Sababu hizo zilikuwa na ukweli ndani yake, lakini hazikuwa zilizonisukuma. Nilichotaka ni kurudi kuwa mtu anayejua kuliko wote chumbani.

Nikamwita fundi aje kupiga Windows. Alikuja na diski ya kunakili na namba za siri zisizolipiwa. Mashine ilipouliza kama tufute kila kitu, aliniangalia mimi. Nikamwambia afute. Tukaimaliza na seva.

Muda haukupita mwingi vioo vikaanza kuwa vyeusi, na kwenye kona yakatokea maandishi kwamba nakala hii si halali. Flashi zilizotoka kwenye maduka ya kuchapa zikaleta virusi. Mafolda yakageuka njia za mkato, notsi za walimu zikapotea. Kwa kuwa kila usafi ulihitaji fundi, na fundi anahitaji pesa, niliweka kufuli. Chumba kilichokuwa na foleni kila jioni kikawa kinafunguliwa wageni wanapokuja kukagua.

Kuna mambo mawili hayajanitoka. La kwanza: katika kipindi hichohicho nilikuwa nikiwaadhibu wanafunzi kwa kunakiliana mitihani, huku chumba kizima kinaendeshwa kwa programu za wizi nilizoagiza mimi. Tanzania ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999. Mwanaprogramu Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, ambao programu zake zimo ndani ya Ubuntu, mwaka 1983 ili mtu awe na haki ya kuitumia programu, kuisoma ilivyoandikwa, kuibadili na kumgawia jirani. Yaani shule ilikuwa tayari na programu ambazo kuzinakili ni halali, mimi nikazibadilisha kwa zile ambazo kuzinakili ni kosa.

La pili ni kijana wa kidato cha tatu. Ubuntu huja na lugha ya kuandikia programu iitwayo Python ndani yake, naye aligundua hilo bila kufundishwa na mtu. Alikuwa ameandika programu fupi ya kukokotoa wastani wa alama za darasa lake. Alikuja kuitafuta baada ya fundi kuondoka. Nilimjibu kwa ukali kwamba kompyuta za shule si mahali pa kuweka vitu binafsi. Hakubisha. Aliitikia, akatoka. Faili lile lilikuwa kazi bora kuliko yoyote iliyofanyika katika chumba kile, ikiwa pamoja na ya kwangu.

Na hoja yangu ya ajira haikuwa na miguu. Aliyezoea kupanga jedwali kwenye LibreOffice, programu huria za ofisi zinazokuja na Ubuntu, huizoea Excel kwa siku chache, maana anachokijua ni jedwali. Isitoshe, nilikuwa nimesikia kwamba mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Zilikuwepo kwa lugha yetu, kwa sababu tu msimbo ulikuwa huria na mtu yeyote aliruhusiwa kuutafsiri. Nilizipuuza.

Sidai kwamba programu huria inatibu kila kitu. Mashine za kuchapa zilitusumbua, na video nyingi zilikuwa kwa Kiingereza, mzigo mkubwa kwa mtoto wa kidato cha kwanza aliyesoma msingi kwa Kiswahili. Hayo ni matatizo ya mwalimu kukaa na wanafunzi na kufafanua. Mimi sikukaa.

Kompyuta zilizopona tumezirudishia Linux, na seva sasa inaendesha Kolibri, iliyokuja baada ya KA Lite. Kazi kubwa ya kuziweka sawa waliifanya wanafunzi, mimi nikiuliza maswali. Kijana wa Python alikwisha kumaliza shule. Sijamwomba radhi ana kwa ana, na naidai nafsi yangu hilo.

Mwalimu mwenzangu, ukiletewa kompyuta zenye mfumo usioujua, usimwite fundi kwanza. Ziwashe, fungua kila kilichomo, waache wanafunzi wakuonyeshe walichokigundua. Kama bado utaona lazima ufute, nakili diski nzima kabla ya kugusa chochote. Programu iitwayo Clonezilla hufanya kazi hiyo, nayo ni huria, hulipii hata senti.