Nyama ya Forodhani na Tumbo Lenye Kuchagua

Jua likiisha kuchwa, bustani ya Forodhani katika Mji Mkongwe wa Unguja hugeuka kuwa jiko moja kubwa. Nyuma yake yasimama Ngome Kongwe, na jirani yake Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Seyyid Barghash mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Mbele ni bahari. Baina ya bahari na majumba hayo hupangwa meza za wauzaji, na moshi wa mishikaki humwita mpita njia kabla mwenye kuuza hajafungua kinywa.

Tulifika huko tukitoka Tanga, pamoja na kijana mmoja aliyekuwa mwanafunzi wetu chuoni. Kwa muda wa mwaka mzima kijana huyu hakuwa amegusa nyama. Kila alipoila katika karamu tumbo lilimnyonga, likajaa upepo, na choo kikambadilikia, leo cha maji, kesho kigumu. Basi akakata shauri kwamba nyama ndiyo adui yake. Idi mbili zikampita, na arusi zikampita. Wengine wakasema ana kiburi, wengine wakasema amerogwa, na mama yake akawa hapati usingizi.

Hospitali walimpima damu na choo, isije ikawa amiba au minyoo, na hakikuonekana kitu. Tabibu akamweleza kuwa ana maradhi yajulikanayo kwa herufi tatu za Kiingereza, IBS: utumbo hauna kidonda wala uvimbe, ila mwendo wake umeharibika na hisi zake zimekuwa kali kupita kiasi. Maradhi haya hayaui, lakini yaweza kumtenga mtu na watu wake. Kisha tabibu akamwuliza, “Hiyo nyama waila na nini?”

Swali hilo ndilo tulilokwenda nalo Forodhani. Tulimwomba muuzaji mmoja mshikaki usiotiwa thomu. Akacheka kwa adabu, akasema, “Sheikh, huo hapa huupati. Nyama hii imelala na thomu tangu mchana.” Akatutajia na vinginevyo: tangawizi, papai bichi la kuilainisha, ndimu na pilipili. Mkononi mwa mlaji huongezwa mkate wa ngano na kachumbari ya vitunguu. Je, tumbo likiuma usiku, ni haki kuishtaki nyama peke yake?

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Monash, mjini Melbourne, Australia, wameeleza tangu mwaka 2005 kuwa ziko namna za sukari na wanga ambazo utumbo mwembamba haufyonzi vema. Huvuta maji, kisha huteremka katika utumbo mpana, na huko vijidudu huzichachisha hata hewa ikajaa. Kila mtu hupatwa na jambo hili, lakini mwenye utumbo mkali huumia. Zimo kwa wingi katika thomu, vitunguu maji, ngano, maharage na mbaazi, na katika maziwa kwa wale wasiomudu sukari yake. Nyama tupu haina vitu hivyo. Mafuta ya nyama hudhuru kwa njia nyingine, kwani yakizidi huushtua utumbo. Na pilipili huwachoma baadhi ya watu.

Kijana wetu alikuwa amekwisha kaa Tanga wiki nne bila ya vitu hivyo, akila wali, ugali, samaki na mboga chache alizoandikiwa na tabibu, na tumbo likatulia. Unguja ilikuwa zamu ya kupima. Asubuhi tulikwenda soko la Darajani, tukanunua steki isiyo na mafuta. Mwenyeji wetu huko Ng'ambo, mama mtu mzima, alipoambiwa kuwa mgeni ataokewa nyama yake mbali kwa chumvi, ndimu na tangawizi, uso wake ulibadilika. “Mwanangu, pilau langu lina nini?” Kijana akamjibu, “Pilau lako halina kosa, mama. Ni tumbo langu lenye kuchagua.”

Siku tatu alikula nyama ile, na hakikutokea kitu. Mama yule alipoona jinsi alivyoshukuru, alisahau uchungu wake. Kisha thomu ikarudishwa, kidogo siku ya kwanza, zaidi siku ya pili. Usiku wa pili tumbo likajaa kama ngoma. Akaacha, akapumzika mpaka likatulia, ndipo akapima pilipili, nayo haikumdhuru hata kidogo. Kila kitu alikiandika katika daftari: alichokula, kiasi, saa, na hali ya tumbo. Urojo aliukataa, ingawa twaupenda mno, maana katika bakuli moja mna unga, embe, bhajia na nyama, na mshitakiwa hatajulikana.

Mama yule hakukubali nyama ikose harufu. Tulimweleza kuwa sukari ya thomu huyeyuka katika maji wala haiyeyuki katika mafuta. Basi akakaanga vipande vizima katika mafuta, akavitoa vyote, akapikia mafuta yale siku ile ile. Kuyaweka siku nyingi ni hatari, yaweza kufanya sumu.

Wazazi wasifanye haya kwa kukisia. Choo chenye damu, kukonda bila sababu, homa, upungufu wa damu, au maradhi kuanza uzeeni, hayo ni ya kupelekwa hospitali upesi. Wala watoto na wajawazito wasinyimwe vyakula pasipo shauri la tabibu. Kujinyima kwenyewe ni kwa wiki mbili hadi sita; kisha hurudishwa kimoja kimoja, na kisichodhuru huliwa.

Usiku wa mwisho kijana alikula pilau la nyama, lililopikwa kwa mafuta yale, katika sinia moja na watoto wa nyumba. Katika daftari lake yamebaki mawili yasiyopimwa, mbaazi za nazi na chapati, nayo yanamngoja Tanga.