Pakiti Haijui Njia

Jumatatu, 3 Machi 2025
Rasimu ya somo la ruta kwa wanafunzi wapya imenifikia. Kiswahili chake kizuri, kijana aliyeiandika ana mkono. Lakini ameandika kuwa ruta "huchagua njia yote mpaka mwisho". Hakuna ruta inayoijua njia yote. Inasoma anwani ya IP ya huko pakiti inakokwenda, inatazama jedwali lake la njia, inaikabidhi kwa ruta jirani; ya mbele si yake tena. Ndivyo mgeni anavyofika Kariakoo kwa kuuliza: huyu anamwonyesha kona, akifika konani anamuuliza mwingine. Nimeuandika mfano huo pembeni.

Jumanne, 4 Machi
Nimeshinda kwenye jedwali. Kurasa nzima, na hamna neno juu ya mistari miwili inapoigombea pakiti moja! Wanafunzi hudhani mstari wa juu ndio unaoshinda. Sivyo: unashinda ulio mahususi zaidi, yaani wenye namba kubwa zaidi baada ya mkwaju. Tuseme 10.0.0.0/8 iende ruta A, 10.20.0.0/16 iende ruta B. Pakiti ya 10.20.5.9 itapita B, hata mstari huo ukiwa wa mwisho. Isiyopata mstari wake hufuata 0.0.0.0/0, njia chaguomsingi. Kama nayo haipo, hutupwa.

Hapa nitaingiza kisa cha YouTube, maana kanuni kavu haikai kichwani. Tarehe 24 Februari 2008 Pakistan Telecom ilitaka kuifunga YouTube ndani ya Pakistan, ikatangaza kwa ruta kuwa njia ya 208.65.153.0/24, sehemu ya anwani za YouTube, inapita kwake. Tangazo likavuja hadi kwenye ruta za nchi nyingine. YouTube yenyewe ilikuwa ikitangaza 208.65.152.0/22, pana zaidi, kwa hiyo ikazidiwa. Kwa saa mbili hivi watu wengi duniani hawakuipata. YouTube ikajitetea kwa kanuni ileile: ikatangaza /24, kisha /25 mbili.

Alhamisi, 6 Machi
Traceroute, programu inayoonyesha ruta ambazo pakiti inazipitia, kaitupa kwenye kiambatisho. Kwa nini? Kila ruta hupunguza moja kwenye TTL, hesabu ya hatua ambazo pakiti imebakiza. Ikifika sifuri pakiti hutupwa na mtumaji huarifiwa. Traceroute hutuma yenye TTL ya 1, kisha 2, kisha 3, na ruta zikajitaja moja baada ya nyingine. Zinazonyamaza huacha nyota, wala si lazima ziwe zimekufa. Nimeongeza habari ya kurudi: jibu lina njia yake, na ping isipojibiwa mafundi wengi hukagua ya kwenda tu.

Somo lianze na traceroute, jedwali lifuate. Historia ya ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, itoke.