Springi za Njia ya Ikutha

Kusini mwa Kitui, miaka ya 1980, gari lilisifiwa kwa ugumu. Mnunuzi alikwenda nyuma ya pikapu, akaweka mikono miwili kwenye bodi na kusukuma kwa uzito wake wote. Lisiposhuka hata kidogo, alisema hilo ndilo gari la kazi. Baba alikuwa dereva wa Land Rover ya zahanati, ile 109 ndefu yenye springi za mabamba mbele na nyuma, na imani yake ilikuwa hiyohiyo. Bamba moja likivunjika, fundi alirudisha mawili.

Imani hiyo ilikuwa na sababu. Kutoka Kibwezi ulivuka Mto Athi, ukapanda uwanda wa Yatta, ule mgongo wa lava wenye urefu wa karibu kilomita 300, kisha ukateremka Ikutha, ukapita Mutomo na kuendelea hadi mji wa Kitui. Njia ilikuwa ya murramu, mawe na mchanga, na penye murramu magurudumu ya malori yalichora mawimbi madogomadogo yaliyotikisa gari hadi nati za bodi zikalegea. Gari liliondoka na magunia ya ndengu, watu juu ya magunia, mbuzi katikati ya watu. Springi laini ingelaza tumbo la gari kwenye mawe kabla hujauona Mto Athi. Kwa safari ile, kuongeza bamba kulikuwa na akili.

Shida ni kwamba mzigo ulishushwa na mabamba yakabaki. Hilo nililijua siku shangazi yangu aliposhikwa na uchungu wa kuzaa kule Kanziko. Niliketi naye nyuma nikimshikia kichwa. Gari lilikuwa halina kitu kingine, na kila jiwe lilipita kwenye springi kama lilivyo na kufika mgongoni mwake. "Kaka, simama kidogo," alisema, na baba akasimama, akangoja, akaondoa gari polepole, kisha akasimama tena. Mtoto alizaliwa salama. Lakini tangu siku hiyo sikuweza tena kusikia gari likisifiwa kwa ugumu nikaridhika. Gari lililobeba magunia bila kuinama halikuweza kumbeba mwanamke mmoja.

Bamba lililovunjika kwetu halikutupwa, na hadi leo halitupwi. Chuma cha springi ni chuma kizuri kuliko vyuma vingi vinavyofika kijijini, na mhunzi alikifua kuwa panga, jembe, kisu, au tezo la wachonga vinyago, wale wa Wamunyu na wanafunzi wao waliotawanyika Ukambani. Wahunzi hao ndio waliokuwa mafundi wa springi pia. Springi iliyolegea ilifunguliwa, na kila bamba likalazwa juu ya kipande cha reli na kugongwa kwa nyundo hadi likarudisha upinde wake. Aliyejua kazi aligonga likiwa baridi, kidogokidogo, akisogeza nyundo kidole kwa kidole. Asiyejua alilitia kwenye moto wa makaa likawa jekundu. Hapo ndipo springi ilipokufa. Ugumu wa chuma hicho hutokana na kupashwa moto kiwandani, kuzamishwa kwenye mafuta, kisha kupashwa tena kwa joto la chini. Ukilipasha bamba makaani na kuliacha lipoe kwa hewa, huwa laini na kulala baada ya muda mfupi; ukilitia maji, huwa kama kigae na kupasuka kwenye shimo la kwanza. Ndiyo maana pia springi haichomelewi.

Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilikata barabara za wilaya za Kitui na Makueni na kuacha makorongo, na ukame uliofuata ukanifanya niwe muuza maji. Nilikuwa na pikapu ya Hilux na tangi la lita 1,000. Lita 1,000 za maji ni tani moja kamili, kabla hujahesabu tangi, dereva na msaidizi. Kwenda, gari lilikaa chini. Kurudi, lilirukaruka hata usukani ukawa mgumu kushika. Mafundi wengi walinishauri niongeze bamba. Mmoja wa Emali, mzee aliyekuwa amefanya kazi ya malori miaka mingi, alinijibu kwa swali.

"Kijana, gari lako lina uzito gani likiwa tupu?"

Sikuwa na jibu. Akanituma kwenye mizani ya malori, nipime ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake, tupu kwanza, kisha na maji. Sikuwahi kumsikia fundi yeyote akisema hivyo. Nilipomletea karatasi ya mizani, alichukua chaki akanichorea hesabu chini, na hesabu ile ndiyo iliyobadilisha mambo yangu yote ya magari.

Ukiongeza bamba moja la unene uleule juu ya sita, ugumu huongezeka kwa karibu sehemu moja ya sita. Ukibadilisha mabamba ya milimita 8 ukaweka ya milimita 10, ugumu unakaribia kuwa mara mbili, kwa sababu unene huzidishwa kwa wenyewe mara tatu. Urefu nao huenda kinyume: bamba refu ni laini kuliko fupi la unene uleule. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kuwa na springi za mabamba saba, zinazofanana kwa macho, na gari moja likawa tulivu huku la pili likivunja mgongo wa dereva. Kuhesabu mabamba hakutoshi. Ni lazima upime.

Alinitengenezea springi ya hatua mbili. Juu alipanga mabamba membamba marefu ya kubeba gari tupu. Chini akaweka bamba moja nene, limenyooka, lisiloguswa hadi tangi lijae na yale ya juu yalale juu yake. Kisha akanikataza kuimwagia springi oili chafu, desturi tuliyokuwa nayo sote ili springi zisilie. Oili hushika vumbi, vumbi husaga chuma kati ya mabamba, na mpira wa bushi huoza. Aliniambia pia nibadilishe shoki, kwani shoki ya springi ya zamani haiwezi kuituliza mpya. Gari lilipotoka pale, maji yalifika Mutomo na mimi nikafika nikiwa mzima.

Leo mteja ana mengi ya kuchagua. Mashindano ya Rhino Charge, yaliyoanza 1989 kuchangia uzio wa misitu ya Aberdare, yameonyesha Wakenya wengi kwamba gari la porini linahitaji gurudumu linaloweza kushuka na kupanda. Nairobi utapata springi za Old Man Emu kutoka Australia, zinazouzwa kulingana na mzigo wa kudumu wa gari, na utapata za parabola, zenye mabamba machache manene katikati na membamba kwenye ncha, yasiyosuguana. Ukipandisha gari inchi 2, kagua pembe ya shafti na urefu wa paipu za breki kabla hujalipa. Land Cruiser nazo zimebadilika: za mfululizo wa 70 zilizotoka kuanzia 1999 zina koili mbele na mabamba nyuma tu.

Na barabara yenyewe imebadilika. Sinohydro waliweka lami kutoka Kibwezi hadi Kitui na kuendelea mbele, na springi ngumu iliyokuwa busara sasa ni adhabu kwa sehemu kubwa ya safari. Bado kuna njia za Voo na Kanziko, bado kuna mchanga wa Mto Tiva, lakini mtu hachagui tena kwa hofu ya kilomita zote.

Ninachokitilia mkazo sasa ni magari ya wagonjwa. Tangu ugatuzi wa 2013 yameonekana kwa wingi zaidi Makueni na Kitui, mengi yakiwa Land Cruiser, na springi za nyuma mara nyingi ni za gari la kubeba mizigo. Humo nyuma huwamo mgonjwa, muuguzi, ndugu mmoja na vifaa, si tani. Nimewaambia maofisa wa afya niliopata nafasi ya kuzungumza nao kwamba gari likipokelewa lipelekwe mizani likiwa na watu hao ndani, na fundi apange mabamba kwa uzito huo. Mmoja alikubali. Mabamba mawili yalitolewa kila upande, shoki zikabadilishwa, na muuguzi anayesafiri nalo anasema sasa anaweza kutafuta mshipa wa mgonjwa bila kumwomba dereva asimame.